Bakuli la Jirani na Taa ya Kushoto

Nilipata gari kabla ya kupata mume, na katika Buruburu ya mwanzoni mwa miaka ya themanini watu waliona kwamba nimeruka hatua. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, rangi ya maziwa, la mkono wa pili. Bosi wangu mmoja ofisini alikuwa anarudi kwao Ulaya, akaniuzia. Mimi nilikuwa mpiga taipu, na nilikuwa nimepanga nyumba nzima peke yangu: sebule na jikoni chini, vyumba viwili vya kulala juu. Kimoja cha vyumba hivyo hakikuwa na kitu ila ubao wa kupigia pasi.

Nyumba zetu zilikuwa kumi na mbili, zimezunguka kiwanja kimoja cha kuegeshea magari, zimekaribiana kiasi kwamba mtu akikohoa kwake unajua ni nani na ameanza lini. Wanawake wote wa pale waliitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Mimi waliniita Miss. Walisema kwa adabu kabisa, na kila waliposema nilijihisi kama nimekaribishwa niishie mlangoni.

Aliyekuwa tofauti ni mmoja tu, jirani wa nyumba iliyotazamana na yangu. Alikuwa mzaliwa wa Murang'a, mama wa watoto watatu, na alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu sebuleni kwake. Yeye hakuniita Miss. Aliniita Mkamba. Jumamosi alikuwa akinigongea dirisha la jikoni kuuliza kama nimekula, na nikisema nimekula alicheka, kwa maana alishajua nimekunywa chai tu. Tulibishana mambo ya kipuuzi mpaka machozi yanatutoka. Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja kwao ni githeri, kwetu ni isyo, na kila mmoja alishikilia kwamba kwao ndiko yalikoanzia kuchemshwa. Nisiposikia ile cherehani yake jioni nilivuka kwenda kuuliza kuna nini.

Tulikuwa na bakuli. Lilikuwa lake, la bati, jeupe, lenye ua jekundu ubavuni na ukingo uliobanduka rangi. Aliniletea githeri ndani yake, nami nilipolirudisha nilitia kitu, maana kwao na kwetu chombo cha jirani hukirudishi kikiwa kitupu. Nilitia sukari, au mayai, au maembe nikitoka kwa mama yangu Machakos. Baada ya siku chache bakuli likarudi tena kwangu na viazi vilivyopondwa. Hivyo ndivyo lilivyotembea miaka miwili, na sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kusimama.

Lilisimama nyumbani kwangu. Sababu ilikuwa gurudumu.

Jumapili moja asubuhi nilikuta gurudumu la nyuma limelala chini. Mume wa jirani yangu, mtu mpole, karani wa kiwanda kimoja kule Industrial Area, alikuwa ametoka nje na koti lake la kanisani akisubiri mke na watoto wavae. Akaniona nikihangaika na jeki. Akavua koti, akalitundika kwenye mlango wa gari langu, akapiga magoti. Nilimshukuru, nikaleta maji kwenye birika na sabuni, nikammiminia akanawa. Hilo lisingekuwa neno. Lakini alikuwa na oili shavuni, na mimi, bila kufikiri lolote, nikampangusa kwa pembe ya leso yangu.

Nilipoinua macho, mke wake alikuwa amesimama kwenye dirisha la chumba chao cha kulala, juu, amefunga kitambaa kichwani nusu.

Nimekuwa na miaka mingi ya kukufikiria kule kupangusa kwa mara moja. Sikumtaka mume wake. Hata leo naweza kuapa hivyo. Lakini nikisema sikuhisi chochote nitakuwa naongopa. Nilihisi raha ya kuona mtu amepiga magoti chini kwa ajili ya kitu changu, na mkono wangu ulitangulia akili. Mwanamke mwenzangu aliiona ile raha kabla mimi mwenyewe sijaijua, na mpaka leo simlaumu kwa macho yake.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningefurahi. Aliacha tu kuniita Mkamba. Nikimsalimia aliitikia akiangalia kamba ya nguo. Jumamosi dirisha la jikoni halikugongwa. Cherehani niliisikia kila jioni ng'ambo ya kiwanja, na mimi nimekaa sebuleni na redio, nikijitia nasikiliza taarifa ya habari. Bakuli lake lilikuwa kwenye rafu yangu, limeoshwa, limefunikwa kitambaa. Nililipita kila asubuhi. Kulirudisha lilikuwa jambo la kuogopesha, kwa sababu lilikuwa ndilo kitu pekee kilichobaki kati yetu, na nikishalitoa mikononi sitakuwa na sababu nyingine ya kupiga hodi kwake.

Wiki tano zikapita hivyo. Ndipo taa ya mbele ya kushoto ikaungua.

Niliigundua Jumanne nikitoka kazini jioni kwenye Barabara ya Jogoo, gari lililokuwa mbele yangu likipata mwanga wa upande mmoja tu. Pale mtaani taa kuungua haikuwa shida. Ungeegesha, ungefungua boneti, na kabla hujainua kichwa wanaume wanne wangekuwa wamekuzunguka, kila mmoja ana maoni. Mume wa jirani yangu angekuwa wa kwanza, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Nami niliapa kwamba hakuna mkono wa mwanaume utakaogusa gari langu. Nitabadilisha balbu mwenyewe, mchana kweupe, uwanjani, mahali anapoweza kuniona kutoka kwenye cherehani yake. Aone sihitaji mume wa mtu hata wa kunifungulia skrubu. Kisha Ijumaa nitaendesha mpaka kwa mama yangu, ambako maharagwe yalikuwa yamevunwa, nijaze bakuli, Jumapili nivuke kiwanja nikabishe hodi. Mpango huo niliupanga nikiwa kitandani na niliuona hauna kasoro.

Siku ya Alhamisi nilitumia saa ya chakula cha mchana kwenda Grogan kwenye maduka ya vipuri. Muuzaji alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Akanionyesha kwamba balbu moja ina nyuzi mbili ndani, moja ya mwanga mkubwa na moja ya mwanga mdogo. Akanionya nisiguse kioo chake kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huiua. Akaiviringisha kwenye gazeti. Nikanunua na bisibisi, ili nisije nikaazima kwa mtu. Alipouliza ni fundi gani atakayenifungia, nilimjibu kwamba fundi ndiye huyu anayeongea naye. Akavaa ile miwani ya kichwani ili anione vizuri.

Nilifika nyumbani mapema kidogo, jua likiwa bado lipo. Nikaegesha nikitazamana na nyumba ya jirani yangu, si kwa ubaya. Nafasi yangu ilikuwa hiyo siku zote. Nikafunga leso juu ya gauni la ofisini, nikapiga magoti penye lami.

Taa ilikuwa ya mviringo, imezungukwa na pete ya chuma. Mbele yake niliona skrubu mbili kubwa, moja juu na moja ubavuni, zimejitokeza wazi kana kwamba zinanisubiri. Nikaanza nazo. Nilizungusha, nikazungusha, taa ikawa inatikisika kidogo, nami nikadhani inalegea. Haikutoka. Nilipokaribia kuipiga teke ndipo nikaona skrubu nyingine tatu ndogo kwenye pete yenyewe, zimejificha chini ya matope. Nilipofungua hizo taa nzima ikanijia mkononi. Nyuma yake kulikuwa na kiungio cha waya tatu, mpira mweusi, na kijiwaya cha chuma kilichobana balbu. Nilikichomoa kikanikata kidole. Balbu ya zamani ilikuwa imefanya weusi ndani. Ile mpya niliishika kwa pembe ya gazeti, nikaitia, ikakaa, kijiwaya kikabana kwa mlio mdogo ambao niliufurahia kuliko nilivyofurahia siku niliyopewa leseni.

Majirani walipita. Mmoja aliniuliza kama amwite mume wake, nikasema hapana asante. Mwingine alisimama akatazama kisha akasema, "Pole, Miss," kama anayempa pole aliyefiwa. Cherehani ilikuwa ikilia ng'ambo. Mara mbili ilinyamaza, nami nikajua ananiangalia, nikainama zaidi.

Nikarudisha kila kitu. Mimi nina tabia moja niliyorithi kwa mama yangu: nikifunga kitu kimefungwa. Chupa nilizofunga mimi watu walizipeleka kwa jirani kufunguliwa. Nilikaza zile skrubu tatu ndogo mpaka zikagoma. Kisha nikarudi kwa zile mbili kubwa nilizokuwa nimezilegeza, nikazikaza nazo mpaka zikagoma, na nikaongeza robo.

Jua lilikuwa limeshazama, giza jepesi limeingia. Nikakaa kwenye usukani na kidole kinachovuja damu, nikawasha.

Zote mbili ziliwaka. Nilipiga kelele ndogo ya furaha peke yangu ndani ya gari. Nikajaribu mwanga mkubwa, nikarudisha mdogo. Mkubwa, mdogo. Mkubwa, mdogo. Ile ya kulia ilimulika ukuta wa chini wa nyumba ya jirani kama ilivyokuwa ikimulika siku zote. Mwanga wa kushoto sikuuona ukutani, na katika furaha yangu sikujiuliza umekwenda wapi. Ulikuwa umepanda juu. Ulikuwa umeingia moja kwa moja kwenye dirisha la chumba chao cha kulala.

Hapa lazima nieleze jambo la kiwanja chetu. Mwaka mmoja kabla ya hapo ulifanyika mkutano mkali kuhusu honi, kwa sababu wanaokuja kuchukua wenzao asubuhi waliwaamsha watoto wa nyumba zote. Ikakubaliwa kwamba honi ni marufuku na anayemwita mtu atamulika dirisha lake mara tatu. Mume wa jirani yangu hakuwa na gari. Mfanyakazi mwenzake alimpitia kila siku, na kila alipomhitaji, hata jioni, alimwita hivyo: mwanga dirishani, mara tatu.

Mlango wao ukafunguliwa. Akatoka mume, ana soksi bila viatu, anaangalia kiwanja akitafuta gari la mwenzake. Akaniona mimi kwenye usukani. Akasimama, hajui arudi au aje. Nyuma yake akatokea mke, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akaangalia gari langu, akaangalia miguu ya mume wake. Milango mingine miwili ikafunguka, kwa kuwa kwetu mlango mmoja haukuwahi kufunguka peke yake.

Hakupaza sauti. Alisema kama anayesoma kipimo cha nguo.

"Siku hizi unamwita na taa."

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningetoka nikamwonyesha kidole changu kilichokatika, gazeti, balbu iliyoungua. Ningesema: mama, nilikuwa naifanya hii ili wewe uone. Lakini nilikuwa nimepiga magoti saa nzima kwenye lami kwa ajili yake, na hasira ilinipanda kutoka kwenye yale magoti mpaka mdomoni. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki nzuri. Nikateremsha kioo.

"Ningetaka kumwita ningepiga honi, watu wote wasikie."

Wakasikia, watu wote. Mmoja alicheka. Jirani yangu alimshika mume wake mkono wa shati, akamwingiza ndani, akafunga mlango polepole. Cherehani haikulia tena jioni ile. Nilikaa garini mpaka nikakumbuka kwamba taa bado zinawaka na betri itakufa.

Kesho yake nilikwenda Machakos hivyo hivyo, nimevimba, bakuli likiwa kwenye kiti cha abiria. Giza lilinikuta Barabara ya Mombasa. Kila gari lililotoka mbele lilinimulikia. Madereva wetu humulikiana kuonyana kwamba mbele kuna askari, kwa hiyo nilipunguza mwendo, nikakaa wima, nikapapasa leseni. Hakukuwa na askari. Gari la kumi lilinimulikia na dereva akanitolea mkono dirishani, na mkono ule haukuwa wa salamu.

Nilisimama kituo cha petroli pale Athi River. Mhudumu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alikuja akiwa amejikinga macho. Akazunguka mbele, akachuchumaa, akauliza nani alifunga taa ile. Nikasema mimi. Hakucheka. Aliniomba bisibisi, akaigusa ile skrubu kubwa ya juu.

"Hii haikazwi, madam. Hii ni ya kuelekeza."

Akanionyesha. Skrubu tatu ndogo ndizo zinazoshika taa. Hizi mbili kubwa hazishiki kitu. Ukizungusha ya juu mwanga unapanda au unashuka, ukizungusha ya ubavuni unakwenda kulia au kushoto. Nilikuwa nimeukaza mwanga wangu mpaka mbinguni. Akazungusha kidogo kidogo akiangalia ukuta wa choo cha kituo, mpaka ile duara ya kushoto ikashuka ikalingana na ya kulia. Haikuchukua hata dakika tatu. Nami nilisimama pale nikiangalia ukuta, na ndipo nilipoelewa ulikuwa umekwenda wapi ule mwanga wangu Alhamisi jioni, na kwa nini mtu alitoka na soksi. Nililia mbele ya mhudumu yule. Akadhani ni habari ya gari, akaniambia hata mafundi hukosea.

Mama yangu alinijazia bakuli maharagwe mapya, yale ya madoadoa, mpaka yakafanya kilima. Nilimsimulia kisa chote. Akaniuliza swali moja tu: kwa nini nilimpangusa yule mtu. Nikasema sijui, akaendelea kuchambua maharagwe.

Jumapili alasiri nilivuka kiwanja. Ni hatua ishirini na tatu, nilizihesabu. Nilifunika bakuli kwa leso. Alifungua yeye mwenyewe. Hakuniambia karibu na hakunifungia mlango, na kwa mtu aliyekuwa katika hali yangu hiyo ilitosha kunipa matumaini. Nikaongea haraka, nikiwa nimesimama. Nikamweleza habari ya skrubu zinazoshika na skrubu za kuelekeza, habari ya mhudumu, habari ya mwanga kupanda bila mimi kujua. Nikamwonyesha kidole. Nikamwomba msamaha kwa lile neno la honi. Halafu nikamwomba msamaha kwa leso, ile ya Jumapili ya gurudumu, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu mpaka dakika ile hakuna aliyekuwa ameitaja.

"Nimesikia," akasema.

Akapokea bakuli. Akavuta leso iliyolifunika, akaitandaza juu ya mikono yangu miwili, akainamisha bakuli taratibu, na maharagwe yakamwagika yote kwenye leso yangu. Hakudondosha hata moja. Alikuwa mshonaji, mikono yake ilikuwa na utulivu.

"Bakuli ni yangu. Maharagwe ni zako."

Kisha akakunja pembe nne za leso, akazifunga fundo ili nisije nikamwaga njiani, akaingia ndani.

Lile fundo ndilo lililonivunja moyo. Lilikuwa fundo la mtu anayekujali. Nimelifikiria mara nyingi, kama lilikuwa la mazoea tu au kama ndani yake kulikuwa na mlango ambao ningeweza kuusukuma. Sikusukuma. Nilikuwa na kiburi, na yeye alikuwa nacho, na kiwanja kilikuwa kati yetu. Maharagwe yale niliyala wiki mbili. Nilichemsha kipimo kilekile nilichozoea, cha watu wawili, na sikuweza kujifunza kupunguza.

Tangu wiki ile nikirudi kazini nilizima taa za gari kwenye kona ya kuingilia, kabla mwanga haujagusa nyumba yoyote, nikaingia kiwanjani gizani, polepole, nikipapasa nafasi yangu kwa makisio. Nadhani alijua. Dirisha la juu lilikuwa na pazia siku zote, na sikuwahi kuliona likitikisika.

Walihama baada ya miaka mitatu, wakaenda kujenga kwao Murang'a. Nilisikia lori likipakiwa asubuhi ya Jumamosi. Niliosha vyombo vyangu vyote, hata vilivyokuwa visafi, nikisubiri dirisha la jikoni ligongwe. Cherehani ilipakiwa mwisho. Niliiona kupitia kwenye pazia, imefungwa blanketi.

Mwezi uliofuata nyumba ile ikaingia watu wapya, mume na mke ambao hawakuwa na mtoto bado. Mke alikuwa mchangamfu, bado hajui kwamba mimi ni Miss. Jioni moja alinikuta nikishuka garini gizani, akaniuliza mbona naingia bila taa, si nitagonga kitu. Nikamwambia taa zimeungua. Akasema mume wake anajua mambo ya magari, atatoka sasa hivi anitazamie.

Nikamwambia asimsumbue, nitabadilisha mwenyewe.